Kutoka Bohari hadi Duka la Kijiji: Ubora Unavyotunzwa Njiani na Nafasi ya Mlaji



Mkazi wa Kata ya Kibuta, wilayani Kisarawe, anaponunua kilo mbili za sembe katika duka la kijijini, hupokea bidhaa iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Unga huo ulisagwa na kufungashwa kiwandani. Kisha ulipelekwa katika bohari ya muuzaji wa jumla, pengine Kariakoo au kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam. Hapo ulipakiwa tena, ukapita Gongo la Mboto na Pugu hadi Kisarawe mjini, na mwisho ukafikishwa Kibuta kwa gari dogo au pikipiki. Katika kila kituo cha safari hiyo kuna paa linaloweza kuvuja, sakafu inayoweza kuwa na unyevu, na mtu anayeweza kusahau wajibu wake.

Wengi wetu hudhani kwamba ubora wa bidhaa huamuliwa kiwandani peke yake, na kwamba mlaji hana la kufanya ila kununua au kuacha. Katika makala haya tunaeleza kwa nini dhana hiyo haitoshi. Tunaeleza namna muuzaji wa jumla anavyoweza kuboresha kazi yake mwezi hadi mwezi, na kwa nini hawezi kufanikiwa bila taarifa ambayo wewe peke yako unayo.

Alama ya ubora na mipaka yake

Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, lilianzishwa mwaka 1975, na kwa sasa linafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Tangu Julai 2019, kufuatia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, shirika hilo linasimamia pia usalama wa chakula na vipodozi, kazi ambayo awali ilifanywa na TFDA. Alama ya ubora ya TBS kwenye kifungashio humwambia mlaji kwamba mzalishaji hukaguliwa, na kwamba bidhaa yake imepimwa na kukidhi matakwa ya kiwango kinachohusika.

Hata hivyo, alama hiyo hupigwa chapa kabla bidhaa haijaanza safari. Haiwezi kuona kilichotokea baadaye bohari lilipoingiwa na maji, wala katoni zilipoachwa juani siku tatu zikisubiri gari. Unga hufyonza unyevu na kuota ukungu. Mafuta ya kula yaliyo katika chupa zinazopitisha mwanga, yakianikwa juani, huanza kuchacha na kupoteza vitamini A iliyoongezwa kwa manufaa ya afya. Chumvi iliyohifadhiwa mahali penye maji hupungukiwa madini joto. Sukari iliyopangwa karibu na mafuta ya taa au sabuni hubeba harufu ambayo haikuwa nayo.

Kwa hiyo bidhaa inaweza kutoka kiwandani ikiwa njema kabisa na kumfikia mlaji ikiwa imeharibika, ilhali kifungashio chake bado kina alama halali. Kosa la namna hii haliwezi kurekebishwa na kiwanda peke yake, kwa kuwa halikutendeka kiwandani.

Maana ya kuboresha bila kukoma

Zipo njia mbili za kushughulikia kosa katika biashara. Ya kwanza ni kulifuta: mteja amerudisha kiroba kibovu, apewe kingine, mambo yaishe. Ya pili ni kuuliza kosa limetoka wapi, kubadili kilicholisababisha, kisha kuhesabu upya ili kujua kama badiliko hilo limesaidia. Njia hii ya pili ndiyo iitwayo uboreshaji endelevu wa ubora.

Msingi wake ulijengwa na mtaalamu wa takwimu wa Marekani, Walter Shewhart, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwananchi mwenzake, W. Edwards Deming, aliufundisha kwa wakuu wa viwanda vya Japani mwaka 1950, na Wajapani wakauendeleza hadi ukajulikana duniani kwa jina la kaizen. Mzunguko wake una hatua nne: panga, tenda, kagua, rekebisha. Baada ya hatua ya nne, mwenye biashara hurudi katika hatua ya kwanza, kwa kuwa kila kosa linaloondolewa hufichua jingine lililokuwa limejificha nyuma yake.

Fikra hii si ngeni nchini kwetu. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia mbinu ya Kijapani ya S tano, ambayo baadaye ilienea katika hospitali nyingine za Tanzania. S hizo zimepewa Kiswahili chake: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Sasambua ni kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika. Seti ni kukipa kila kitu mahali pake. Safisha haihitaji maelezo. Sanifisha ni kuweka utaratibu mmoja unaofuatwa na wote, na Shikilia ni kuudumisha utaratibu huo hata siku ambayo msimamizi hayupo. Kilichowezekana katika stoo ya dawa kinawezekana pia katika bohari la unga na mafuta.

Mfano wa bohari moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Bohari moja husambaza viroba 400 vya unga, vya kilo 25 kila kimoja, kwa mwezi. Katika mwezi huo, viroba 12 vinarudishwa na wenye maduka kwa sababu vina ukungu au wadudu. Mwenye bohari wa kawaida atabadilisha viroba hivyo, atamkemea mtunza stoo, na mwezi utakaofuata atapokea vingine 12 au zaidi.

Mwenye bohari anayetaka kuboresha atafungua daftari. Ataandika kila kiroba kilichorudishwa kilikuwa na namba gani ya toleo, kilipokelewa lini, kilipangwa upande gani wa bohari, na kilisafirishwa kwa gari lipi. Baada ya kuandika atagundua, kwa mfano, kwamba viroba tisa kati ya 12 vilitoka katika safu ya chini kabisa, upande wa ukuta unaolowa mvua inaponyesha. Sasa tatizo lina mahali pake. Haitoshi tena kusema kwamba mtunza stoo ni mzembe.

Hatua zinazofuata hazihitaji mtaji mkubwa. Viroba vinainuliwa juu ya chaga za mbao ili visiguse sakafu. Vinasogezwa mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, ili hewa izunguke na panya waonekane. Tarehe ya kupokelewa inaandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila safu, na sheria inawekwa kwamba kinachotangulia kuisha muda ndicho kinachotangulia kutoka. Mwezi unaofuata vinarudishwa viroba vinne. Mwenye bohari hashangilii na kufunga daftari, bali anauliza habari za hivyo vinne, na kugundua kwamba viwili vilisafirishwa siku ya mvua katika gari lisilo na turubai. Mzunguko unaanza tena.

Sasa tazama jambo moja katika mfano huu. Mwenye bohari aliweza kuona kwamba viroba tisa vilitoka mahali pamoja kwa sababu viroba vyote 12 vilirudishwa, na kila kimoja kilikuja na namba yake. Laiti walaji na wenye maduka wangenyamaza, wakatupa unga na kununua mwingine, yeye angepokea viroba viwili au vitatu tu. Angedhani bohari lake ni zima, na ukuta ungeendelea kulowa. Daftari la uboreshaji huandikwa bohari, lakini taarifa zake hutoka jikoni kwako.

Kosa dogo linaposafiri

Biashara ya jumla ina nguvu ya kueneza. Inaeneza bidhaa njema kwa bei nafuu hadi vijijini, na kwa nguvu ileile inaeneza bidhaa mbaya. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hususan wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki dunia baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi mengi yalikuwa yamevunwa na kuhifadhiwa na familia zenyewe katika hali ya unyevu. Lakini wachunguzi walipopima mahindi yaliyokuwa yakiuzwa katika masoko ya eneo hilo, zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa nchini humo wakati ule. Maana yake ni kwamba familia iliyomaliza mahindi yake mabovu ingeweza kwenda sokoni kununua mengine mabovu vilevile. Nchini kwetu, mwaka 2016, wananchi wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua, na baadhi yao kufariki dunia, kutokana na sumu hiyohiyo.

Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota katika nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Haionekani kwa macho, na kupika ugali au uji hakuiondoi. Kwa sababu hiyo, kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na jumla ya sumu hiyo isizidi mikrogramu 10 katika kila kilo. Muuzaji wa jumla anayepima unyevu kabla ya kupokea shehena, na kuandika shehena hiyo imetoka wapi na imekwenda kwa nani, huweza kusimamisha hatari siku hiyohiyo. Asiye na kumbukumbu, hata akipewa taarifa, hana njia ya kujua ni duka lipi la Kibuta, Kisarawe au Kibaha lililopokea shehena mbaya.

Hapo ndipo umuhimu wa namba ya toleo unapoonekana. Namba hiyo, ambayo ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu uliopigwa mhuri karibu na tarehe ya kutengenezwa, hutambulisha fungu la bidhaa lililozalishwa pamoja. Bidhaa inapoonekana kuwa na hatari, namba ya toleo huwezesha kuondoa sokoni fungu lenye kasoro bila kugusa mengine. Pasipo namba, hubaki mambo mawili tu: kuondoa bidhaa yote kwa hasara kubwa, au kutoondoa chochote.

Unachopaswa kufanya

Kwanza, tazama kabla ya kulipa. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Kagua kama kifungashio kimetoboka, kimelowa, kimefutika maandishi au kimebandikwa karatasi mpya juu ya tarehe ya zamani. Kopo lililovimba usilinunue. Tazama pia bidhaa imewekwa wapi dukani: unga uliokaa sakafuni na chupa za mafuta zilizopangwa barazani juani zinakupa habari kuhusu utunzaji wake.

Pili, hifadhi kifungashio hadi bidhaa iishe. Wengi wetu humimina unga kwenye ndoo na kuutupa mfuko siku hiyohiyo. Mtoto akiumwa tumbo baada ya kunywa uji siku ya nne, mama hawezi tena kusema unga ule ulitengenezwa na nani, lini, wala ulikuwa wa toleo gani. Kata kipande cha mfuko chenye jina la mzalishaji, tarehe na namba ya toleo, ukiweke ndani ya kabati au ukibandike kwenye mfuniko wa ndoo.

Tatu, ukinunua kwa kupima, kumbuka kwamba taarifa za bidhaa hubaki dukani. Sukari ya nusu kilo, unga wa kilo moja na mafuta ya kibaba hufungwa katika mfuko usio na maandishi. Unayo haki ya kuomba uoneshwe kiroba au dumu ambamo bidhaa imetolewa, na kusoma kilichoandikwa. Mwenye duka naye ashauriwe asitupe kiroba wala dumu kabla ya vilivyomo kuisha, na asichanganye mabaki ya kiroba cha zamani na kiroba kipya.

Nne, dai risiti. Tangu mwaka 2010 mashine za kielektroniki za kutolea risiti zimekuwa zikitumika nchini, na kila mnunuzi amezoea kuambiwa kwamba akinunua adai risiti. Mara nyingi risiti hutajwa kwa ajili ya kodi. Lakini kwa mlaji risiti ni ushahidi wa siku, mahali na bei. Kwa mwenye duka, ankara ya muuzaji wa jumla ni ushahidi uleule ngazi moja juu. Mwenye duka anayenunua bila ankara hujitwisha peke yake kosa ambalo huenda si lake.

Tano, toa taarifa. Anza kwa mwenye duka, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza anayeweza kuzuia kiroba kilichobaki kisiuzwe kwa jirani yako. Bidhaa ikiwa imeleta madhara kiafya, au mwenye duka akikataa kuchukua hatua, mwone afisa afya au afisa biashara wa halmashauri. Chakula na vipodozi husimamiwa na TBS. Dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA. Ujazo na uzito pungufu, pamoja na lumbesa, hushughulikiwa na Wakala wa Vipimo. Na bidhaa bandia au maelezo ya udanganyifu hushughulikiwa na Tume ya Ushindani. Usihangaike sana kuhusu mlango upi ni sahihi. Ukibisha usio wako, utaelekezwa unakohitajika, ilimradi taarifa yako iwe kamili.

Taarifa kamili ina mambo matano: jina la bidhaa na mzalishaji wake, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, mahali na siku uliponunua, na kasoro uliyoiona kwa maneno yako mwenyewe. Ukiweza, hifadhi kiasi cha bidhaa yenyewe mahali pakavu, mbali na watoto, kwa ajili ya uchunguzi.

Kutoa taarifa si kugombana

Tunatambua kwamba ushauri huu ni rahisi kuandika kuliko kutekeleza. Katika kijiji, mwenye duka ni jirani, pengine ni shemeji, na huenda jina lako limo katika daftari lake la mkopo. Mtu anayedaiwa shilingi elfu nane huona haya kurudisha unga wa shilingi elfu tatu. Ndiyo maana walaji wengi huwapa kuku unga ulioharibika na kunyamaza. Nao ukitiliwa shaka ya sumukuvu haufai hata kwa mifugo.

Tunapenda jambo hili lieleweke kwa namna nyingine. Mara nyingi kasoro haikuanzia dukani, na mwenye duka ndiye aliyepata hasara kabla yako. Unapomletea taarifa yenye namba, unampa silaha ya kudai haki yake kwa aliyemuuzia. Inatosha kumwambia kwa upole: "Kaka, ule unga niliouchukua Jumamosi umeota ukungu. Kipande cha mfuko hiki hapa, namba yake inasomeka. Naomba uviangalie viroba vilivyobaki, na umweleze aliyekuletea." Katika maneno hayo hamna tuhuma. Mna jambo la kufuatilia, na mna mtu wa kulifuatilia.

Kwa wauzaji wa jumla wanaosoma kijitabu hiki kwa kuwa nao ni walaji, tunaongeza neno moja. Idadi ndogo ya malalamiko si lazima iwe dalili ya ubora. Inaweza kuwa dalili kwamba watu wamekata tamaa ya kusikilizwa. Bohari inayoboreshwa kwa kweli, katika miezi ya kwanza ya kufungua daftari, huenda ikapokea malalamiko mengi kuliko awali. Hilo lisiwatishe. Pokeeni bidhaa inayorudishwa bila kumdhalilisha anayeirudisha, andikeni, tafuteni chanzo, badilisheni, kisha hesabuni tena.

Nawe ndugu mlaji, leo utakapofungua kiroba au mfuko mpya, kabla ya kumimina, kata kipande chenye namba ya toleo na tarehe, ukihifadhi hadi bidhaa iishe.